Lugha ya viumbe wa angani ni ya nani?

Katika filamu ya Return of the Jedi (1983), rubani Nien Nunb, kiumbe wa sayari ya mbali, anasema lugha inayodaiwa kuwa ngeni. Kumbe ni Kikuyu! Sauti ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Lugha ya watu ikageuzwa kelele za kiumbe asiye mtu.

Mwanaisimu Marc Okrand alikijenga Kiklingoni kwa filamu ya Star Trek III (1984). Wapiganaji wale wakali walipewa sauti za kooni, ikiwemo q inayotamkwa nyuma kabisa ya ulimi.

Sisemi Okrand aliwalenga Wasomali. Lakini hebu tufike Liboi, mji wa mpakani katika Kaunti ya Garissa. Huko q hutamkwa papo hapo kooni, nayo imo katika qoys, yaani familia, na qalbi, yaani moyo. Ukali uko wapi?

Sauti haina tabia. Sisi ndio tunaoibandika. Kijana wa Liboi akichekwa jijini eti anasema kwa ukali, anayemcheka amejifunza kusikia kutoka kwa filamu, si kwa jirani yake.