Jakamoyo, Kihoro na Ridhaa: Maneno ya Mzazi wa Mtoto Mahututi

Maandishi ya tiba ya siku hizi, yakitaka kueleza hali ya mzazi ambaye mwanawe yu mahututi, hutosheka na usemi mmoja: msongo wa mawazo. Usemi huu si mbaya, ila ni mpana mno. Humfaa mwanafunzi angojaye mtihani na mdeni angojaye mdai. Kwa mama aingiaye hospitali ya Muheza usiku, na mtoto wa degedege mikononi, ni mwepesi kuliko mzigo wake.

Degedege lenyewe latokana na dege, yaani ndege mkubwa, ambaye watu wa pwani walimdhania kuwa humkamata mtoto. Madaktari huigawa hali hiyo mara mbili: mishtuko ya homa, ambayo aghalabu hupita bila madhara, na malaria iliyopanda ubongoni, ambayo huua. Neno halitengi hayo mawili, wala jicho la mzazi haliwezi kuyatenga. Basi hofu yake si ujinga. Ameona dalili moja yenye miisho miwili.

Lugha yetu haikukosa maneno ya hofu hiyo. Jakamoyo ni fadhaa ya mtu angojaye asijue. Kihoro ni huzuni ya aliyekwisha kupotewa. Mwenye jakamoyo akipewa maneno ya taazia, ni kama mwanawe amezikwa angali hai.

Neno la pili la kukosolewa ni ridhaa. Tangu 2009 hadi 2011 hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa: baadhi wapewe maji mengi mshipani kwa haraka, wengine wasipewe hivyo. Ilipokuwa hatari kukawia, mzazi alikubali kwanza kwa mdomo, kisha akaombwa sahihi mtoto alipopata nafuu. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Katika saa 48 walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa maji hayo, na takriban 7 katika kila 100 wasiopewa. Utafiti ukasimamishwa Januari 2011.

Hapa hatuukosoi utaratibu, kwani ulitenga hatua mbili kwa busara. Twataka lugha nayo izitenge. Ridhaa ni kuridhika kwa moyo uliotulia; aliyeshikwa na jakamoyo aweza kukubali, lakini kuridhia hawezi. Jibu lake la kwanza na liitwe kukubali kwa dharura, na ridhaa ingoje moyo urudi mahali pake. Wafasiri wa karatasi za hospitali wasilione jambo hili dogo. Mzazi aliyefiwa, akisoma kwamba "aliridhia", atadhani kuwa alimtoa mwanawe kwa moyo mkunjufu, naye alisema ndiyo kwa kuwa hakuwa na neno jingine la kumwokoa.