Majuma Kumi na Moja ya Kidato cha Sita Nyumbani: Mbulu na Hanang, 2020

Serikali ya Tanzania ilipotangaza tarehe 17 Machi 2020 kwamba shule za msingi na sekondari zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona, wanafunzi wa Kidato cha Sita walikuwa wamebakiwa na muda mchache mno kabla ya mtihani wao wa mwisho, ambao kwa desturi hufanyika mwezi wa Mei. Na wale wenye kwao katika wilaya za Mbulu na Hanang wakateremka na masanduku yao Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu, kila mmoja akiwa na madaftari yake mkononi, ilhali maabara, ubao na mwalimu vimebaki nyuma. Shule zilifunguliwa kwao tarehe 1 Juni, na mtihani ukaanza tarehe 29 ya mwezi huo huo. Basi palikuwa na mafungu mawili ya wakati, majuma yapatayo kumi na moja ya nyumbani na majuma manne ya shuleni, na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba maandalizi yalisimama au kuanguka kwa kutambua ipi ni kazi ya fungu la kwanza na ipi ni ya fungu la pili.

Jambo la kwanza lilikuwa saa. Kijana aliyerejea nyumbani wakati wa masika alipokewa kama mkono wa kazi, maana palizi haingoji mtu, na katika tambarare za Hanang mchunga ng'ombe hushinda malishoni tangu asubuhi hata jua lichwe. Kumwambia "soma" na papo hapo kumkabidhi jembe ni kumpa amri mbili zinazopingana. Iliyofaa ni mapatano ya wazi baina ya mzazi na mwanawe: alfajiri, kabla ya baridi ya Mbulu kulegea, iwe ya kitabu, asubuhi iwe ya shamba, na alasiri, mvua inapowarudisha watu ndani, kitabu kirudi mezani. Zamu za machungani na za kuteka maji ziligawanywa upya, kwa kuwa wadogo wa watahiniwa nao walikuwa nyumbani; na hapo ilimpasa mzazi awe na insafu, asije akamwondolea binti kuni na maji kwa ulimi huku akimrudishia kwa ishara.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kusoma. Masomo yaliyorushwa kwa redio na televisheni yalikuwa na manufaa yake, na kadhalika vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilivyopatikana mtandaoni kwa mwenye simu na fedha ya bando. Lakini redio husema pasipo kusikia, na mtahiniwa wa Kidato cha Sita aghalabu hapungukiwi na maelezo kama anavyopungukiwa na mtu wa kumsahihisha. Twaa mfano wa karatasi ya Historia. Swali lataka athari za jambo fulani, kijana anaandika kurasa nne za sababu zake, kila neno likiwa sahihi, na alama zinapotea zote, kwani hakujibu alichoulizwa. Na kutotambua matakwa ya swali ni kosa ambalo taarifa za watahini hulitaja mwaka baada ya mwaka. Kosa hilo halionekani na aliyelitenda. Kwa hiyo iliyozaa matunda ni desturi ya kukaa saa tatu kamili na karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, kisha kubadilishana majibu na mwenzi wa kijiji jirani, au kuyapiga picha na kumpelekea mwalimu kwa WhatsApp. Fauka ya hayo, mtihani huandikwa kwa Kiingereza, ilhali nyumbani kinasemwa Kiiraqw, Kidatoga au Kiswahili. Ikawa sharti jibu lisemwe kwa sauti kwa lugha ya mtihani kabla ya kuandikwa.

Vipo vilivyokataa kufanyika nyumbani. Katika mtihani wa Kemia wa vitendo, hesabu za asidi na besi zaweza kurudiwa mezani kwa tarakimu za daftari la zamani, ila mkono haujifunzi kuifunga bureti kwenye tone lile lile ambapo rangi hugeuka, mpaka uishike bureti yenyewe. Aliyeyajua haya aliziacha kazi za maabara zingoje Juni, akamaliza nadharia yake mapema, majuma manne yakamtosha.

Safari ya chuo nayo ilikuwa na hesabu yake. Tume ya Vyuo Vikuu hutaka, kwa uchache, ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Lakini kijana aliyekulia karibu na hospitali ya Haydom akatamani udaktari, hanusuriki kwa mawili, maana hudaiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Kuyajua hayo mwezi wa Aprili hubadili mgawanyo wa saa za kusoma. Kuyajua baada ya matokeo huzaa majuto tu. Tena mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na hapa mzazi asiyejua hata herufi moja ya Kemia alikuwa na kazi kubwa ya kufanya: kutafuta cheti, kulinganisha majina na yale ya vyeti vya shule, na kurekebisha kasoro mapema.

Korona imepita, lakini kungoja hakukupita. Kila mwaka wahitimu wa Kidato cha Nne humaliza mtihani mwezi wa Novemba na kukaa nyumbani hadi katikati ya mwaka unaofuata, muda unaoyazidi maradufu majuma yale kumi na moja, na mara nyingi hupotea wote shambani. Mapatano ya saa, msahihishaji, na hesabu ya masharti ya mbele havikuhitaji tauni ili vipatikane. Vyahitaji mzazi na mwanawe kuketi pamoja na kuvipanga kabla msimu wa jembe haujaanza.