Mchirizo wa Tunda Damu

Keki ya jibini yenye kitako cha chokoleti na mchirizo wa matunda husomwa mara mbili: kwa juu kabla haijakatwa, na kwa ubavuni kisu kikishapita. Wengi wetu huridhika na usomaji wa kwanza, ambao ni wa picha, unaopigwa kwa simu na kutumwa kwa jamaa hata kabla sahani hazijaletwa mezani. Usomaji wa pili ndio unaofichua muundo. Ninaufuata hapa kwa keki moja niliyooka jikoni kwangu Kilimani, ghorofa ya nne, karibu na Barabara ya Lenana, Jumamosi ya Julai ambapo baridi ya Nairobi ilikuwa imeifanya hata siagi ya kabatini kuwa ngumu kama sabuni.

Tuanze na kitako, kwa kuwa ndicho hutangulia kutungwa na ndicho humalizia kuonjwa. Kina biskuti za daijestivu gramu 200 zilizopondwa, vijiko vitatu vya kakao na siagi gramu 90 iliyoyeyushwa. Vyote hushindiliwa kwa kitako cha bilauri, kisha huokwa dakika kumi pekee. (Kakao hiyo, ingawa humea kwa majirani zetu wa Kyela na Bundibugyo, mimi huipata dukani ikiwa kwenye kopo la chapa ya mbali.) Sukari sikuongeza hata chembe, maana uchungu ndio kazi ya tabaka hili. Uma hushuka kutoka juu, ukapita kwenye utamu na uchachu, ukatua kwenye uchungu. Kila tonge huishia sauti ileile, kama beti za shairi la kimapokeo zinavyorudia kina cha nje. Wapo wanaotia kitako hiki chokoleti ya maziwa. Nadhani wanalipa shairi kituo kisichotua.

Juu ya kituo hicho kuna uwanda mweupe: jibini laini ya krimu gramu 600, sukari gramu 150, mayai matatu, na nusu lita ya maziwa lala niliyoyachuja usiku kucha kwa kitambaa hadi yakawa mazito kama mtindi wa kukatwa kwa kijiko. Maziwa yaliyolala yakalazwa tena. Uchachu wake ni wa chini na wa polepole, tofauti na ule wa ndimu unaoruka mbele ya ladha nyingine, na ndio unaozuia weupe huu usiwe ukimya mtupu. Nilikoroga kwa mwiko, mashine nikaiacha kabatini. Hewa inayoingizwa kwa kasi huinua keki ndani ya oveni na kisha kuiangusha, na anguko hilo huandikwa usoni kama ufa.

Lakini moyo wa fani hii ni mchirizo, na hapo ndipo naomba msomaji mwenzangu tukae zaidi. Nilichagua matunda damu ya sokoni Toi kwa sababu mbili: rangi yake, ambayo jina lenyewe limeshaitaja, na ukali wake, ambao haukubali kuwa jamu. Humwagiwa maji ya moto ili ganda lake chungu libanduke, huchemshwa na sukari kidogo, huchujwa mbegu, kisha hurudishwa motoni hadi kijiko kikipitishwa chini ya sufuria kiache njia inayokawia kidogo kufunga. Kipimo hiki ndicho kila kitu. Rojo likiwa jepesi, huzama na kulowesha krimu kwa madoa yasiyo na umbo. Likiwa zito kuliko krimu, hukaa juu kama kiraka. Uzito wa vitu viwili ukilingana, kimoja huweza kupita ndani ya kingine bila kukimeza wala kumezwa.

Nilidondosha matone kumi na moja, nikashika kijiti cha mishikaki na kuanza kuvuta. Mvuto wa kwanza hulirefusha tone likawa mkia. Wa pili hukata mkia huo na kuufanya jani. Wa tatu huunganisha majani mawili yasiyojuana. Tukirudi kwenye istilahi za ushairi, kitako ni mstari kifu, ulioukamilisha ujumbe wake palepale, ilhali mchirizo ni mshata, unaovuka mpaka wa tone lake ili maana yake ikamilike kwingine. Hatari iko kwenye mvuto wa nane na wa tisa. Mkono umeshaonja raha ya kuumba, na jicho linaona pembe moja ambayo bado ni nyeupe, linataka kuijaza; ukilitii, wekundu na weupe huungana na kuwa uwaridi wa dawa ya kikohozi ya watoto. Fundi wa piko kule Mombasa anaijua nidhamu hii kuliko sisi waokaji, kwa kuwa doa lake nalo halifutiki: uzuri wa ua mkononi unategemea ngozi aliyoiacha wazi. Niliishia mvuto wa saba, pembe ile ikabaki nyeupe.

Kuhusu moto sina mengi. Chombo kilivikwa karatasi ya alumini na kukalishwa ndani ya treyi ya maji, oveni ikiwa nyuzi 160. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukingo uliozungukwa nayo haupati joto la kuyakaza mayai kwa pupa. Nilikusudia dakika 65. Dakika ya 55 stima ikapotea mtaa mzima, jenereta za majirani zikaanza kunguruma, nami nikaacha mlango wa oveni umefungwa kwa kukosa la kufanya. Joto lililobaki likaimalizia keki, kisha likaondoka taratibu kwa muda wa saa moja na nusu. Haikupasuka. Waokaji wa Uhispania wa mji wa San Sebastián huichoma keki yao ya jibini juu hadi ikawa nyeusi, na weusi huo hustiri mengi. Uso mweupe wa keki yetu hauna pa kujificha.

Asubuhi nilikata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Kipande cha kwanza kilikuwa na mshipa mwekundu ulioshuka hadi robo tatu ya kina na kupinda kabla ya kugusa kitako. Cha pili, kilichotoka kwenye pembe nyeupe, kilikuwa na uzi mmoja tu karibu na uso, na nadhani ndicho kilichokuwa bora, kwa sababu ulimi ulilazimika kuungoja wekundu. Niliyaeleza haya yote mezani, vina na mishata. Mpwa wangu wa miaka tisa akasikiliza kwa adabu, akakigeuza kipande chake juu chini, akaanza na kitako.