Delgado Alimtoa Asiyempiga

Tangu lini namba 2 ikafanana na namba 13? Huku Gikundamvura, Rwanda, ambako Burundi iko ng'ambo ya Ruhwa na Kongo ng'ambo ya Rusizi, ubishi wowote wa soka hauchelewi kufika kwa Zaire, Kongo ya wakati ule, kwenye Kombe la Dunia la 1974. Ukifika, vijana huangua kicheko kwa teke la Mwepu Ilunga dhidi ya Brazil, pale alipochomoka ukutani akaubutua mpira wa adhabu usio wake. Wanacheka teke lisilo na madhara. Lenye madhara Mwepu alilipiga siku nne kabla, tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, na aliyelilipia ni Ndaye Mulamba.

Mechi mnaijua. Bajević, Džajić kwa mpira wa adhabu, Šurjak: dakika 18, Yugoslavia 3-0. Dakika ya 21 kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, akamtoa kipa Kazadi Mwamba, mchezaji bora wa Kombe la Afrika la 1968, akamwingiza Dimbi Tubilandu, mfupi na mwili bado baridi. Mnanijua kwa hili na sitaacha kulisema: kipa hatolewi kwa sababu mabeki wamelala. Na kocha huyu alikuwa kipa, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 1960! Kazi ya kwanza ya Dimbi ikawa kuokota mpira wavuni. Katalinski, 4-0.

Hapo ndipo wachezaji wa Zaire walipomzingira mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, na Mwepu akamtandika teke kutoka nyuma. Kosa la kadi nyekundu, hakuna ubishi. Delgado akageuka, akamwonyesha Ndaye.

Tulitazame tukio kikazi. Mwamuzi aliyezingirwa kwanza hurudi nyuma apate nafasi ya kuona. Asipomwona mkosaji, ana washika vibendera wawili, na mpira umesimama, hakuna kinachomkimbiza. Anauliza, anasoma namba mgongoni, ndipo anaingiza mkono mfukoni. Delgado aliruka hatua hizo zote akatoa kadi kwa kukisia. Mwepu, beki, alivaa namba 2. Ndaye alivaa 13. Ndaye alilia, akaapa kwamba si yeye, na bado akatolewa. Kutomwona aliyekupiga kutoka nyuma ni jambo la kawaida. Kumwadhibu mtu ambaye hukumwona akitenda kosa ni uamuzi, na uamuzi ule ulikuwa mbovu kabisa.

Zaire ikabaki na wachezaji kumi, tena bila mtu pekee aliyeweza kuupokea mpira mbele na kuushikilia hadi wenzake wapande. Mpira ukawa unarudi kama umefungwa kamba: 6-0 mapumziko, 9-0 mwisho. Sisemi wangeshinda. Timu yenyewe ilikuwa katika mgogoro wa posho ambazo wachezaji hawakulipwa. Ila 4-0 yenye watu kumi na mmoja bado ni mechi.

Kinachonikera zaidi kilifuata baadaye. Picha za televisheni zilikuwepo, siku nne zilikuwepo, na bado tarehe 22 dhidi ya Brazil Ndaye hakucheza huku Mwepu akicheza! Brazil walihitaji mabao matatu ili kuipita Scotland kwenye kundi, na la tatu wakalipata dakika ya 79. Zaire haikuwa na wa kuwarudisha nyuma mabeki wa Brazil. Leo moja ya kazi za video ya mwamuzi ni kurekebisha kadi iliyotolewa kwa mtu asiyehusika. Mnaopiga kelele kila wiki kwamba video inaua soka, mtazameni Delgado kwanza.

Na huyo aliyetolewa alikuwa nani? Miezi mitatu kabla, kule Misri, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika moja, yakiwemo yote manne ya Zaire katika fainali na marudiano yake dhidi ya Zambia. Rekodi hiyo haijavunjwa. Vincent Aboubakar aliikaribia kwa mabao 8 kule Cameroon mwaka 2022, akiwa na mechi saba. Ndaye alicheza sita. Mwaka 1973 alikuwa ametwaa ubingwa wa klabu za Afrika na Vita Club. Nionyesheni mshambuliaji wa ukanda wetu leo mwenye nusu ya hayo.

Soka halikuishia hapo kumkosea. Mwaka 1994 alipigwa risasi kwao na majambazi, akahamia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kuomboleza kifo chake, naye yuko hai. Habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa mgodini kule Angola. Kwa mara ya pili wakubwa wa soka walimtaja Ndaye bila kuhakikisha ni nani. Alifariki kweli Januari 2019, na kwenye kumbukumbu za mechi ile, kadi ya dakika ya 22 bado inasomeka jina lake.