Juu ya Kuwatia Wafu Sauti

Asubuhi ya Julai 1, mwaka 1916, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel katika Ufaransa, mpiga picha Geoffrey Malins alizungusha mkono wa mashine yake ya sinema mbele ya askari wa Lancashire Fusiliers, waliokuwa wakingoja ndani ya njia iliyozama kati ya mashamba. Wengine wamtazama yeye, wengine hawamjali. Muda si mwingi wakaamriwa kutoka, na wengi wao wakauawa au kujeruhiwa. Siku hiyo moja hesabu ya Waingereza waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea ilikuwa 57,470, na katika hao 19,240 walikufa.

Picha zile ziliingizwa katika sinema iitwayo The Battle of the Somme, iliyopigwa na Malins pamoja na John McDowell, ikaonyeshwa London mwezi Agosti mwaka ule ule, hali vita vyenyewe havijaisha. Yakadiriwa kwamba katika majuma sita tikiti milioni 20 ziliuzwa. Mwaka 2005 UNESCO iliiandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Ni sinema isiyo na sauti, wala rangi haina.

Miaka 102 baadaye, yaani mwaka 2018, Bwana Peter Jackson wa New Zealand alitoa filamu yake They Shall Not Grow Old, ambayo sasa yaonyeshwa hata shuleni, nayo ndiyo nitakayo kuipima. Jumba la makumbusho la Imperial War Museum lilimpa picha za kale za saa 100 hivi, na pamoja nazo zilikuwapo sauti za askari wa zamani waliohojiwa uzeeni, nyingi zikiwa za miaka ya 1960. Mashine za kale zilizungushwa kwa mkono, mara upesi mara polepole, ndiyo sababu watu wa sinema zile huonekana wakirukaruka kama wanasesere. Mafundi wake walizisawazisha hata zikawa picha 24 kwa sekunde, wakazitia rangi. Na hapo twaona mwendo wa binadamu, na uchovu wake, na meno yake mabovu.

Lakini kazi iliyonistaajabisha ni ile ya midomo. Walitafutwa watu wajuao kusoma midomo, wakatazama kila kinywa kilichofunguka mbele ya mashine, wakaandika maneno yaliyotamkwa. Kisha, kikosi kikiisha kutambulikana, wakatafutwa wasemaji wa wilaya ile ile kilikotoka, ili matamshi yawe ya kwao. Mahali pamoja afisa anawasomea watu wake karatasi. Basi wakaitafuta katika nyaraka hata wakayapata maneno yenyewe. Sisi tushughulikao na lugha hatuna budi kuisifu subira hiyo. Nani kwetu angevumilia kumsikia mzee wa Makunduchi akitiwa Kiamu kinywani? Na hata hivyo nimesikia hadithi zetu nyingi zikisomwa hivyo, pasipo mtu kuona haya.

Basi, mtu aliyejali sana kwamba askari aseme kwa lafudhi ya kwao, mbona hatuambii askari huyo ni wa wapi? Tangu mwanzo hata mwisho filamu haitaji tarehe, wala mahali, wala kikosi. Sauti za wazee zaidi ya mia zafuatana bila majina, mpaka majina yaja mwishoni yote pamoja. Mzee mmoja asimulia habari za chawa, nasi twatazama uso wa kijana mwingine ambaye labda hakufika miaka ishirini na mitano. Mtazamaji adhani ni mtu mmoja. Hilo silo kosa la fundi, ni uchaguzi wa mwenye filamu, aliyetaka maisha ya askari yeyote. Walakini askari yeyote hakuzaliwa na mwanamke.

Sinema ya 1916 nayo ina uongo wake. Pale askari wanapopanda kutoka handakini kwenda kupigana, watu wa makumbusho wameonyesha kwamba paliigizwa nyuma ya mstari wa vita: handaki ni la kina kidogo, askari hawana mizigo ya vita, na mpiga picha amesimama mahali ambapo risasi zingalimwua. Jackson ni mwaminifu zaidi hapa, maana kwa kuwa picha za mapigano yenyewe hakuzipata, alitumia michoro ya magazeti ya siku zile, na kila mtu aona kwamba ni michoro. Lakini ile ya kale, katika maandishi yake kati ya picha, hutaja vikosi kwa majina.

Jackson alijifungia katika askari wa miguu wa Uingereza huko Ufaransa na Ubelgiji, nayo ni haki yake. Vita vya kwetu vilikwisha Novemba 25, 1918, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, panapoitwa leo Mbala. Wapagazi wa Carrier Corps hawamo katika filamu hii. Jina lao limo katika vinywa vya watu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi filamu hii na aanze na ile ya 1916, kimya kama ilivyo, afike penye njia ile ya Beaumont-Hamel, awasomee maandishi yaliyo mbele yake. Kisha na aitafute njia hiyo hiyo katika filamu mpya, yenye rangi na sauti, awaulize hawa ni akina nani.