Bamberg: Panda Kilima, Ukanywe Bia ya Handakini

Jamani, Bamberg! Nimeufikia mji huu wa Franconia, kaskazini mwa Bavaria, kwa mara ya kwanza, na jibu ninalo tayari: mpenda bia mwenye nafasi ya safari moja tu Ujerumani, aje hapa.

Anzia baa ya Schlenkerla, chini ya kanisa kuu, kwenye nyumba iliyotajwa katika maandishi tangu 1405. Bia nyeusi inateremka yenyewe kutoka pipa la mbao, bila mtungi wa gesi. Povu zito, kisha moshi! Kimea cha shayiri hukaushwa kwa moto wa kuni za mti uitwao buche, na moshi huo haupotei hadi kwenye glasi. Funda la kwanza linanukia nyama iliyobanikwa taratibu; ukifika nusu, ulimi umeshazoea, utamu wa kimea unajitokeza, uchungu wa hopsi unamalizia. Agiza na kitunguu kilichojazwa nyama ya kusaga, kwenye mchuzi wa bia hiyohiyo. Balaa!

Ukifika kiwanda cha bia cha Mahrs Bräu, agiza “U”. Herufi hiyo tu inatosha. Inakuja bia ya rangi ya kaharabu, isiyochujwa, ambayo gesi yake huachwa itoke inapokomaa. Ndiyo maana inateleza kooni laini kabisa.

Lakini uhondo wenyewe uko kilimani. Kabla ya mashine za kupozea alizozifanyia kazi mhandisi Carl von Linde miaka ya 1870, watengenezaji bia walichimba mahandaki ndani ya vilima vya mawe ya mchanga. Hamira ya bia ya lager hutaka baridi na muda, na vyote viwili vilipatikana humo. Juu wakapanda miti ili jua lisipashe ardhi, na wanywaji wakakifuata kivuli. Handaki lenyewe ndilo lililoipika ladha ya lager!

Kwenye bustani ya bia ya Spezial-Keller, juu ya kilima cha Stephansberg, unakaa chini ya miti hiyo, mji wote umetandazwa mbele yako pamoja na minara minne ya kanisa kuu, na mkononi una bia ya moshi mwepesi ya kiwanda kilichoanza 1536. Tamu kupita maelezo!

Kisha panda treni hadi Forchheim, kwenye kilima cha Kellerwald chenye mahandaki yaliyopangana msituni. Njoo majira ya joto, njoo na njaa, na gari liache nyumbani.