Jembe na Kudura: Je, Methali Hizi Zinakinzana?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, bila shaka umewahi kukumbana na swali linalodai kuwa methali hukinzana na kukutaka uthibitishe kwa mifano. Majibu ya swali hili yamekuwa kama wimbo. Mtahiniwa huandika "Haraka haraka haina baraka" kando ya "Ngoja ngoja huumiza matumbo", kisha "Ajizi ni nyumba ya njaa" kando ya "Jitihada haiondoi kudura", na hoja inafungwa. Jozi ya kwanza sina ugomvi nayo leo. Ni hii ya pili ninayotaka tuitazame upya, maana inagusa imani na riziki ya jamaa wengi wa wanafunzi wetu, nayo husomwa kana kwamba ilitungwa darasani.

Maelezo ya kawaida husema hivi: methali ya kwanza inahimiza bidii; ya pili inafunza kwamba bidii haina maana kwa kuwa Mungu amekwisha kuamua. Kuhusu ya kwanza, sawa. Kuhusu ya pili, hapana, na kosa lenyewe liko katika sarufi. Tazama kiima cha sentensi: ni jitihada. Kitenzi "haiondoi" kinakanusha jambo moja tu, yaani uwezo wa jitihada kuifuta kudura; hakikanushi jitihada yenyewe wala thamani yake. Methali inachukulia kwamba kazi imekwisha kufanywa. Mtu aliyelala hawezi kuambiwa methali hii, kwani hana jitihada ya kuzungumziwa. Huyo anangojwa na ile ya ajizi.

Tulipeleke jambo hili shambani. Chukua familia yenye ekari moja ya mahindi, tuseme Bungoma au Trans Nzoia, inayotegemea mvua za masika. Mwezi wa Machi umeingia, mawingu yanakuja na kwenda. Baba na mama wanakabiliwa na uamuzi: wangoje mvua, au wapande udongo ungali mkavu? Ekari hiyo hutaka mbegu kilo 10 hivi na mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50, na fedha za vitu hivyo aghalabu zimetoka katika kuuza mbuzi au kukopa. Mvua ikija vyema, waliotangulia kupanda hupata mazao mapema. Ikinyesha kidogo na kukatika, mbegu huchipuka na kufa, na hakuna pesa za kununua nyingine. Kupanda kwa namna hii ni hesabu na ni sala kwa wakati mmoja. Jioni ile wanapoinamisha vichwa kuomba mvua, majembe yamekwisha kuoshwa na kuegemezwa ukutani.

Asubuhi ya kupanda, husikii mtu akisema "Jitihada haiondoi kudura". Anayethubutu kuisema saa hiyo hukemewa, na astahili kukemewa. Inayosikika ni "Ajizi ni nyumba ya njaa", tena kwa sauti ya juu, mlangoni pa kijana ambaye hajaamka. Sitiari yenyewe ni kali: ajizi si njia ya kuelekea kwenye njaa, ni nyumba ambamo njaa inaishi, na aliyelala humo amelala nayo.

Sasa sogeza wakati. Mwaka wa 2011 uligunduliwa Bomet ugonjwa wa virusi unaoyakausha mahindi kabla hayajakomaa. Mwaka wa 2017 viwavijeshi vamizi vilishambulia mimea katika sehemu nyingi za nchi. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 nzige wa jangwani wakaingia. Walioathirika ni watu waliopanda kwa wakati na kupalilia mara mbili. Jirani anapokuja kuketi nao, akatazama mabua yaliyosimama bure, hapo ndipo methali ya kudura inapopata mahali pake. Inafanya nini? Wengi wetu tutajibu kwamba inaliwaza, na hilo ni kweli. Ila inafanya zaidi ya hapo: inatoa ushahidi. Anayeitamka anamwambia mwenye shamba kwamba jitihada yake imeonekana, kwamba njaa itakayoingia humu haikualikwa na uvivu wake. Katika kijiji ambamo mwenye ghala tupu hushukiwa upesi kuwa mzembe, ushahidi huo ni heshima kubwa.

Msamiati nao una mengi ya kutufunza. Ajizi, jitihada, kudura, riziki na baraka ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyokomaa katika Kiswahili cha Pwani miongoni mwa Waislamu, ingawa leo hutamkwa bila shida na Mkristo wa bara anayepeleka mavuno ya kwanza kanisani. Katika sheria ya Kiislamu, zaka ya nafaka ni moja ya kumi kwa shamba lililonyweshwa na mvua, lakini ni nusu ya kiasi hicho kwa shamba ambalo mkulima amelinywesha kwa taabu yake. Yaani palipo na jasho zaidi la mtu, sehemu anayodaiwa hupungua. Imani inayopima hivyo haiwezi kusemwa kwamba inaidharau jitihada. Mwalimu anayefundisha methali hizi akiwa na mfano huu mkononi hatahitaji kubishana sana.

Ikiwa unatafuta methali inayosuguana kwa kweli na ile ya kudura, itafute kwingine. Nakupendekezea "Mchumia juani hulia kivulini". Hii ndiyo inayotoa ahadi isiyo na masharti: atakayetaabika atakula kwa starehe. Utunzi wake ni mzuri, juani ikikabiliana na kivulini, lakini ahadi yake huvunjwa karibu kila msimu mbaya. Isitoshe, kitenzi "hulia" kina utata. Kimsingi ni kauli ya kutendea ya "kula", yaani kula mahali fulani. Lakini sikio husikia pia "kulia" kwa machozi. Mwanafunzi anayeifasiri kwa machozi amekosea maana ya methali na atanyimwa alama. Hata hivyo, mkulima ambaye mahindi yake yamekauka anaweza kuisikia kwa maana zote mbili, na methali ya kudura ipo kwa ajili yake.

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuufumbia macho. Methali haiulizi anayeitamka ni nani. Ni sisi wahakiki tunaopaswa kuuliza. Mwaka wa 2024 ilibainika kwamba mbolea duni ilikuwa imewafikia wakulima nchini kupitia mpango wa mbolea ya bei nafuu. Hebu fikiria mtu aliyefaidika na biashara hiyo akimwendea mkulima na kumpoza kwa maneno "Jitihada haiondoi kudura". Maneno ni yale yale aliyoyasema jirani, neno kwa neno. Lakini kilichomwangusha mkulima hapa si kudura, ni mkono wa mtu, na methali imegeuzwa kuwa pazia. Wahakiki wanaosema kwamba dini katika fasihi ni kileo cha kuwapumbaza wanyonge wana haki ya kuutaja mfano kama huu. Wanakosea wanapomtia jirani yule katika kapu moja na mwuzaji.

Basi swali likija, usianze kwa kupanga methali mbilimbili kama viatu. Itaje methali, kisha mpe msemaji: je, ni mama, jirani, mnunuzi wa mahindi, kasisi au imamu? Mpe pia msikilizaji na msimu, kwa kuwa kabla ya kupanda na baada ya kuvuna ni miktadha miwili tofauti. Ukiona bado zinakinzana baada ya hapo, thibitisha. Nawe mwalimu, wape wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aandike methali tatu alizozisikia nyumbani kuhusu kilimo na Mungu, pamoja na saa, mahali na kisa kilichomfanya msemaji azitamke. Wengine watarudi na moja tu, lakini yenye kisa kamili. Hiyo moja ichambueni kipindi kizima.